Tupeane uzoefu: giaboksi ya otomatiki ya gari la zamani, ulijuaje ugonjwa uko wapi?

#1
Wakuu, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu nilibakiza siku moja tu nishushe giaboksi nzima, kumbe kilichokuwa kinanitesa ni waya.

Gari ni Toyota ya miaka ya 1990, otomatiki ya gia nne. Siku moja likaanza kuondoka kwa uzito, kama limefungwa kamba nyuma. Likishika mwendo linatembea vizuri tu. Fundi wa kwanza akapanda, tukazunguka kidogo, akashuka na jibu moja: diski za klachi ndani ya giaboksi zimekwisha, inafanyiwa ovaholi.

Nikakubali, ila usiku usingizi haukuja. Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Diski zikiteleza, injini inapiga kelele na mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda huku gari likibaki nyuma. La kwangu lilikuwa kinyume. Ukikanyaga mafuta mshale unapanda polepole, injini inaguna kama mtu anayeondoka na gia ya tatu kwenye gari la manyuo. Hapo ndipo nilipojiuliza: je, kama ni kweli linaondoka na gia ya tatu?

Toyota nyingi za umri huo zina kiboksi kidogo chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya nne) kiwe kimewashwa. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina malalamiko. Yangu ilikonyeza mara 6, ikapumzika, mara 2. Hiyo ni 62, solenoidi namba moja, yaani vali ya umeme inayoelekeza oili ili gia ibadilike. (63 ni solenoidi namba mbili, 64 ni ya lokapu, ile kufuli inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja, 42 na 61 ni sensa za mwendo.) Solenoidi hiyo ikikosa umeme, kompyuta haina namna ya kutoa gia ya kwanza, inakuondoa na ya tatu.

Nikachomoa soketi ya giaboksi nikapima solenoidi kwa multimita: ohmu 13. Kitabu cha gari kinataka 11 hadi 15, kwa hiyo yenyewe nzima. Nikiwa nimeichomoa hivyo hivyo nikaendesha kidogo. Bila umeme wa solenoidi, lever ikiwa kwenye L inatakiwa itoke gia ya kwanza, kwenye 2 itoke ya tatu, kwenye D itoke ya nne. Zikatoka zote tatu. Basi diski ni nzima na presha ya oili ipo, tatizo ni wayaringi. Nikafuata waya kwa vidole kutoka kwenye soketi kwenda juu mpaka chini ya betri. Pale ganda lilikuwa gumu kama ukucha, shaba ndani imegeuka kijani, na nilipouvuta kidogo ukabaki mkononi.

Ninachoomba kwenu: tusitajiane spea tulizonunua. Elezeni dalili ilikuwaje na nini kilikufanya ujue.

#2
Asante mkuu kwa somo. Langu lilikuwa la asubuhi. Unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linashika kwa kishindo. Likishapata moto, hakuna shida. Nilipima oili mara nne nikaona imejaa. Kosa langu lilikuwa namna ya kupima: injini imezimwa na imepoa. Otomatiki nyingi zinapimwa zikiwa na moto, injini inaunguruma, lever iko P, baada ya kuipitisha kwenye gia zote. Honda nyingi ndizo tofauti, unazima kwanza ndipo unapima ndani ya dakika moja hivi. Nilipopima inavyotakiwa kijiti kilitoka karibu kikavu. Oili ilikuwa inapotea kwenye sili ya shafti ya tairi, ukuta wote wa nyuma wa giaboksi umelowa na vumbi limeganda.

#3
Wakuu, mimi nilipoteza oili na chini pakavu kabisa! Kila wiki naongeza, na nikiwasha gari linatoa moshi mzito mweupe. Kila mtu akawa anasema gasketi ya silinda hedi. Gari langu ni la zamani sana, gia zake zinasaidiwa na modyuleta, kile kikopo kilichounganishwa na injini kwa mpira wa vakyumu. Mzee mmoja alichomoa ule mpira akauinamisha kwenye kiganja: yakadondoka matone mekundu. Ngozi ya ndani ya modyuleta ilikuwa imechanika, injini inanyonya oili ya giaboksi na kuichoma. Mwenye gari la aina hiyo aanze na mpira huo kabla ya kufungua injini.

#4
Yangu haikuwa na mwisho mzuri, naiandika ili mwingine awahi. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya rejeta. Yangu ilitoboka kwa ndani, maji na oili vikachanganyika. Kijiti kilitoka na kitu cha rangi ya waridi kinachofanana na maziwa. Niliendesha siku tatu zaidi nikidhani ni povu. Maji na kulanti vinalegeza gundi inayoshika bitana za diski, na giaboksi ilipofunguliwa bitana zilikuwa zimebanduka zimelala kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Ukiona rangi hiyo, zima gari hapo hapo ulipo. Likokotwe.

#5
Mimi ni fundi, niongeze machache.

Kishindo ukiweka D au R (rivasi): kabla ya kulaumu giaboksi, fungua boneti, mwenzio akanyage breki kwa nguvu abadilishe D na R, wewe tazama injini kutoka pembeni. Ikiruka, ni mauntini, yaani mipira inayoshikilia injini.

Mtetemo kwenye mwendo wa kawaida, kama unapita juu ya matuta madogo madogo: gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Taa ya breki ikiwaka, lokapu ya toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inaachia. Mtetemo ukikata papo hapo, umeshampata mwenyewe. Usipokata, angalia plagi na koili, maana injini inayokosa moto inadanganya watu wengi hapa.

Sampu ikishushwa, msikimbilie kuosha sumaku iliyomo ndani inayonasa vyuma. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa au punje nyeusi ngumu, hapo giaboksi inajila.

#6
Fundi, swali. La kwangu D inashika vizuri, ila R asubuhi inachelewa sana. Oili iko sawa, nimepima kama alivyosema wa pili.

#5
Mkuu, kama D haina shida, pampu na filta siwashuku sana. R inatumia presha kubwa kuliko gia za mbele na ina klachi zake. Sili za pistoni zikishakuwa ngumu kwa umri, oili inavuja pembeni mpaka zipate moto zilainike. Ila nisikuhukumie ovaholi kwa maandishi. Tafuta fundi mwenye geji, apime presha ya R injini ikiwa baridi kabisa, apime tena ikiwa moto. Andika namba zote mbili, uzilete hapa.