Asali "mbichi ya Pemba" inayofoka kama soda: mnatuuzia nini?

Wauza asali wa Unguja na Pemba, hebu tuambiane ukweli. Chupa ikifunguliwa kifuniko kinaruka, povu juu, harufu ya tembo la mnazi, na muuzaji anakazana: "Ndiyo mbichi hiyo, ina nguvu." Nguvu gani? Imechacha!

Nekta ikiingia mzingani zaidi ya nusu yake ni maji. Nyuki hupokezana mdomo kwa mdomo, huitandaza kwenye vitundu vya sega na kuipepea kwa mbawa mpaka maji yashuke kwenye asilimia 18 hivi, ndipo huziba kwa nta. Kiwango cha kimataifa kinaishia asilimia 20. Ikizidi hapo, hamira za asili zilizomo zinaamka. Sasa mrinaji anayekata sega wazi kwa sababu mteja ameshalipa, au anaogopa mwizi atamtangulia, amevuna maji matamu. Sega ambalo halijazibwa angalau robo tatu liachwe.

Halafu kukamua kwa mikono! Sega, majana (watoto wa nyuki), chavua, vyote vinaminywa pamoja. Majana ni maji na protini, ndiyo yanayoifanya asali isiwe angavu na kuiharakisha kuharibika. Sega la majana libaki mzingani. La asali likatwekatwe, lijichuje lenyewe kwenye kitambaa safi juu ya ndoo yenye mfuniko. Mfuniko, nasema, maana asali hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya masika mnaijua. Itulie siku 2 au 3, povu na nta viondolewe juu, ndipo ijazwe. Kwenye chupa kavu, si hizo za maji ya kunywa zilizosuuzwa na matone bado yamo.

Wa shira ndio hawana haya kabisa. Sukari, maji, ndimu, chemsha: kila mpika kaimati anaijua, na anajua ndimu ndiyo inayozuia shira isigande. Asidi huivunja sukari ikawa glukosi na fruktosi, zilezile sukari kuu za asali. Wanatia asali kidogo ipate harufu, kisha wanawatisha watu ati iliyoganda ndiyo ya bandia! Asali halisi huganda, upesi au polepole kutegemea maua. Chupa itiwe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, basi. Kuichemsha ni kuiua harufu yake.

Na mtuondolee hadithi ya njiti ya kiberiti, ati ikichovywa kwenye asali kisha ikawaka, asali hiyo ni halisi. Njiti iliyochovywa kwenye shira nzito nayo inawaka. Afadhali mizani: nusu lita ya asali iliyoiva ina gramu 700 na ushei, chupa isihesabiwe. Ikija 670, mmeuziwa maji. Shira iliyopikwa ikakolea itapita hapo, hiyo inashikwa maabara tu.

(Ya nyuki wadogo wasiouma msiiingize humu. Ile ni nyepesi na chachu kwa asili yake. Iuzwe kwa jina lake, isichanganywe kimyakimya.)

Anayetaka kujibu "yangu safi" aandike hapa: imerinwa lini, msitu au shamba gani, sega lilizibwa kiasi gani, na nusu lita yake ina gramu ngapi. Picha ya nyuki kwenye lebo hatuitaki.