Naomba ushauri: tuanzie wapi kuwavuta wenye viwanda Pongwe?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mimi ni katibu wa kikundi cha maendeleo huku Pongwe, Tanga. Kila asubuhi vijana wanakaa chini ya mwembe wakingoja kibarua cha kupakia mizigo. Roho inaniuma, maana mkonge tunao: singa, yaani nyuzi zake, zinaanikwa, zinafungwa marobota, lori linaondoka nazo. Kamba na mazulia vinaenda kutengenezwa kwingine.

Mwaka jana alikuja mwekezaji mmoja. Aliuliza hati ya kiwanja, umeme wa njia tatu na mafundi wa mashine. Hapo kwenye hati tu tukabaki tunatazamana. Akaenda zake.

Sasa tumegawanyika. Wenzangu wanataka tumtafute mkubwa mwingine, atakayeajiri wengi kwa mpigo. Mimi naona heri tuwalee wenye karakana za hapa hapa: tuombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na mafunzo tupate SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo.

Mliowahi kupitia haya, nisaidieni. Tupime kiwanja kwanza au tutafute mtu kwanza? Na mkataba uandikweje ili ajira ziwafikie kweli vijana wetu?