Vichujio vya dashibodi ya matangazo vimenitia hasara msimu wa miche, na chati haikusema lolote

Habari za jioni wanajukwaa.

Nimesubiri siku tatu kabla ya kufungua uzi huu ili hasira ipungue, na bado haijapungua sana. Mimi ni mkazi wa Mbeya, ninasimamia matangazo ya mtandaoni ya wafanyabiashara wachache wa huku Nyanda za Juu Kusini: muuza mchele wa Kyela mwenye duka Mwanjelwa, nyumba ya wageni moja ya Iringa mjini, na mama mmoja wa Tukuyu mwenye kitalu cha miche ya parachichi aina ya Hass. Kwa kuwa matangazo yao yamesambaa katika mitandao tofauti, ninalipia kila mwezi dashibodi inayokusanya takwimu zote mahali pamoja na kuzichora katika chati. Kampuni yenyewe sitaitaja, lakini watu wa kazi hii wataitambua tabia ninayoieleza.

Wiki ya mwisho ya Oktoba yule mama aliniuliza kwa simu kama tangazo lake linawafikia watu wa Njombe, maana alitaka kupeleka miche huko kwa kukodi gari. Nikafungua chati ya meseji za wateja, nikabonyeza kialama cha faneli, yaani kichujio kinachobakiza takwimu unazozitaka tu, nikachagua mkoa wa Njombe, nikampa jibu lake na kufunga kompyuta. Nilidhani nimeuliza swali na kujibiwa, kumbe nilikuwa nimeibadilisha chati yenyewe, kwa sababu dashibodi ilikihifadhi kichujio kile bila kuniuliza na ikakiacha kikifanya kazi siku zote zilizofuata. Jumatatu nilifungua chati ileile kwenye simu, nikiwa ndani ya daladala natoka Uyole. Mstari uliokuwa unapanda wiki nzima niliukuta umelala chini, karibu unagusa sifuri, na juu yake kichwa cha chati bado kikisomeka "Meseji za wateja, akaunti nzima". Nikakiamini kichwa. Kabla sijashuka kituoni nilikuwa nimeshapunguza bajeti ya kampeni ya miche kutoka shilingi 30,000 kwa siku hadi 8,000, na tofauti yake nikaihamishia kwenye mchele, ambao chati yake haikuwa na kichujio chochote na kwa hiyo ilionekana inafanya vizuri.

Wasiojua kilimo cha huku waelewe kwamba wiki ile si wiki ya kawaida. Mvua zetu huanza Novemba, na mkulima makini huchimba mashimo, huweka samadi na kutafuta miche kabla hazijashika. Mche uliokosa mnunuzi wakati huo hauwekwi stoo kama simenti: unaendelea kukua ndani ya kiriba, mizizi inatoboa chini na kushika ardhi, na siku ya kuung'oa inakatika. Siku ya sita mama akanipigia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mbona simu imekuwa kimya hivi? Au ile hela ya tangazo imeisha?" Sikuwa na jibu. Nilifungua mtandao wenyewe unaorusha tangazo, nikakuta meseji zilikuwa zinaingia vizuri hadi saa ileile niliyoikata bajeti kwa mkono wangu.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba ningehakiki kwanza kwenye chanzo. Ni kweli, na nimeshamwomba mama radhi na kumrudishia ada yangu ya mwezi. Lakini kama kila asubuhi natakiwa kuhakiki kila chati kwenye chanzo chake, basi sijui ninalipia kitu gani.

Tazameni jinsi kichujio kinavyojitambulisha. Kwenye kompyuta, kile kifaneli kilicho pembeni mwa chati kinabadilika kutoka kijivu kuwa buluu iliyopauka, na hiyo ndiyo taarifa pekee unayopewa. Kwenye simu hata hicho hakionekani, kwa sababu kimefichwa nyuma ya vidoti vitatu ambavyo huna sababu ya kuvibonyeza kama hujui tayari kwamba kuna kitu ndani. Kungekuwa na mstari mmoja tu wa maneno chini ya kichwa, "Inaonyesha Njombe pekee", nisingeandika uzi huu.

Nilipowaandikia huduma kwa wateja walinijibu kwamba kichujio huhifadhiwa "kwa urahisi wa mtumiaji", wakanitumia kiungo cha ukurasa wa maelekezo, kisha wakaifunga tiketi ya malalamiko yangu kana kwamba nimeridhika. Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nikae usiku mzima nikikagua vichujio vingine, na niliyoyakuta yanatisha kuliko kisa changu.

Kubwa ni kichujio cha matokeo. Dashibodi inakuja na mwonekano ulioandaliwa tayari, ambamo matangazo yanayoonyeshwa ni yale tu yenye tokeo moja au zaidi, eti ili chati isijae mistari mitupu. Chukueni matangazo mawili: la kwanza limekula shilingi 60,000 na kuleta meseji 12, la pili limekula 40,000 na halikuleta hata moja. Kichujio kikiwashwa, tangazo la pili linatoweka pamoja na gharama yake, na chati inakuambia kwamba kila meseji imekugharimu shilingi 5,000. Ukikiondoa, zinahesabiwa shilingi 100,000 zote na gharama halisi inakuwa takriban 8,333. Mteja wa Iringa nimempelekea ripoti za namna hiyo kwa miezi miwili, naye kwa kuziamini akaongeza bajeti. Fedha iliyopotea ndiyo aliyopaswa kuiona kwanza, nayo ndiyo iliyofichwa.

Halafu kuna suala la kichujio kinashika wapi. Ukikiweka juu ya ukurasa, chati za mstari zinakifuata, lakini visanduku vya jumla vilivyo juu havikifuati, na ukipakua jedwali unaletewa takwimu zote kama vile hukuchuja kitu. Ukurasa mmoja unakupa majibu yanayopingana kwa swali moja.

Kuhusu mikoa nitakuwa mwadilifu, kwa sababu si yote ni kosa lao. Mtu anapotumia bando la simu, mitambo mara nyingi hukisia mahali alipo kwa anwani ya intaneti, na anwani hiyo inaweza kuonyesha Dar es Salaam wakati mwenye simu yuko Makambako anapakia viazi. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni chati kuandika "Njombe" kwa uhakika wote bila kudokeza kwamba ni makisio, na orodha ya mikoa kuendelea kuihesabu Tunduma na Vwawa ndani ya Mbeya wakati Songwe imekuwa mkoa unaojitegemea tangu mwaka 2016. Saa nayo ni hivyohivyo. Akaunti ya mchele ilifunguliwa na mtu mwingine kwa majira ya Los Angeles, kwa hiyo nikichuja Jumatatu napata siku inayoanza saa nne asubuhi yetu, au saa tano wanapokuwa kwenye majira ya baridi. Kosa la aliyeifungua, sawa, lakini hakuna popote kwenye chati panapotaja ni saa za wapi.

Ninachokitaka kutoka kwao ni maneno yanayosomeka juu ya kila chati iliyochujwa, kichujio cha kupita tu kisichohifadhiwa mpaka mimi mwenyewe niamue, na ule mwonekano wa kuficha matangazo yasiyoleta kitu uzimwe hadi mtu auwashe kwa hiari yake. Ada ya Oktoba na Novemba nimeidai irudishwe, kwa maandishi, na nimeambatisha picha za skrini zenye tarehe.

Kwa wenzangu mnaofanya kazi hii, naomba kujua kama kuna aliyewahi kurudishiwa fedha kwa sababu ya namna hii, na alitumia hoja gani. Kadi yangu inakatwa tarehe 28. Wasiponijibu hadi hapo nitaiondoa kwenye mfumo wao na kurudi kwenye jedwali langu la Excel, ambalo nalijaza kwa mkono kila usiku na linachosha, ila safu niliyoificha humo nimeificha mwenyewe.