Nimefunga rimu mpya, usukani unatetemeka, fundi ananiambia NIKAPIME PRESHA!

Baba Nati:
Wadau, naandika nikiwa nimepaki nje ya gereji yake, mikono inatetemeka. Kwa hasira, si kwa presha!

Mnamjua. Yule wa chini ya mwarobaini, mwenye kiti cha plastiki cha miguu mitatu. Jumamosi kanifungia rimu mpya na tairi mpya kwenye Toyota IST yangu, shilingi 780,000 imeondoka. Leo nimeshika barabara ya Morogoro kwenda Mlandizi. Mpaka spidi 70 gari limetulia kama maji mtungini. Likifika 80 usukani unaanza kunung'unika. Kwenye 90 ni mashine ya kusaga: chupa ya maji imeruka, mkoba umefunguka wenyewe, mama mkwe kiti cha nyuma ameanza kutubu dhambi za mwaka 1974. Nikishusha hadi 60, kimya.

Nikarudi kwake, nikamweleza kwa adabu. Hakuinuka. Hakugusa hata nati moja. Akanitazama mikono, mbele ya wateja sita na muuza mihogo, akasema: "Mzee, labda mikono yako ndiyo inatetemeka. Kapime presha."

Kapime presha! Mimi! Nina miaka 46, mzee gani? Nikamwambia hata mke wangu ameshika usukani ukatetemeka vilevile. Akasema: "Basi mkapime wote wawili." Muuza mihogo kacheka mpaka kamwaga pilipili.

Mla Korosho:
Nimekaa mbele kabisa. Mkuu, umepima lakini?

Chausiku wa Tegeta:
Huyo namjua! Mimi aliniambia breki zinalia kwa sababu nasikiliza sana.

Baba Nati:
Kumbe si mimi peke yangu! Halafu baada ya kunitukana eti nimpe 30,000 anifanyie alaimenti, yaani anyooshe magurudumu. Mtu umeniambia naumwa, unataka hela ya nini?

Spana 21:
Alaimenti haitetemeshi usukani, ikiharibika gari linavuta upande na tairi zinalika vibaya. Mtetemo unaokuja kwenye 80 mpaka 100 tu, anza na balansi, yaani uzito wa gurudumu uwe sawa pande zote. Angalia kama vile vipande vya madini ya risasi vya kusawazisha uzito vipo kwenye rimu, kingine huenda kimedondoka. Ukisikia zaidi kwenye usukani ni magurudumu ya mbele, ukisikia kwenye kiti ni ya nyuma. Hamishia za mbele nyuma, mtetemo ukihama umeshampata mchawi.

Baba Nati:
Asante mkuu. Sasa maneno hayo yangemshinda nini kuyasema? Yeye kaangalia mikono yangu!

Mzee wa Habu:
Balansi ni sawa, ila kuna kitu kinasahauliwa. Rimu ya kiwandani ya IST tundu lake la katikati ni milimita 54.1, linakaa kwenye habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa, bila kuchezacheza. Rimu nyingi za madukani zimetobolewa 73.1 ili ziingie magari ya kila aina. Hapo rimu inashikwa katikati na nati tu. Fundi akikaza nati kwa kuzunguka, badala ya kuruka upande wa pili, rimu inakaa kombo na usukani utacheza hata ukipiga balansi mara kumi. Nunua pete za kuziba nafasi hiyo, gari linyanyuliwe na jeki, nati zikazwe kwa msalaba. Na kama rimu za zamani zilikuwa za alumini za Toyota zenyewe, nati zake mara nyingi zina washa bapa. Rimu nyingi mpya za madukani zinataka nati zenye ncha ya koni. Hilo usilale nalo, gurudumu linaweza kuchomoka.

Baba Nati:
NATI NI ZILEZILE ZA ZAMANI, NA ZINA WASHA! Nimeshuka nikaangalia sasa hivi. Gari halisogei hapa mpaka nipate nati nyingine. Na kwa taarifa yenu nimeingia duka la dawa jirani, nimepima: 124 kwa 80. Narudi kumwonyesha karatasi.

Mla Korosho:
Kwa hiyo umetii ushauri wa fundi 😂😂

Baba Nati:
Sijatii! Nimekusanya ushahidi!

Mama Vitenge:
Baba Nati wewe wako kakufungia siku hiyohiyo. Fundi cherehani wangu nimempa kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wangu. "Njoo kesho." Harusi imepita, bibi harusi kajifungua, mtoto ana meno mawili. Jana kaniambia amebakiza vifungo.

Chausiku wa Tegeta:
Wa kwangu alinishonea gauni mkono mmoja mrefu, akasema ndiyo fasheni.

Spana 21:
Na fundi friji je? Alikuja kuangalia gesi, akaondoka na kompresa "kuipima". Mwezi wa nne huu.

Baba Nati:
Jamani, kuna mwenye nati za koni za IST karibu na Mbezi? Nimeshamwonyesha ile karatasi, kasema kipimo cha duka la dawa hakiaminiki!

Mla Korosho:
Mama Vitenge, hicho kitenge ni cha rangi gani?

Mama Vitenge:
Njano, kina tausi wa bluu.

Mla Korosho:
Dada, Jumapili nimemwona mke wa fundi kakivaa kanisani.