Mliowahi kwenda misheni ng'ambo: ni ombi gani lilikurudisha kwa Mungu? Tupeane uzoefu

Tarumbeta la Rungwe (mleta uzi)
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwaya yetu imeanza tena kuchangishana nauli ya Ujerumani, na vijana wananiuliza, "Mzee, kule uliona nini?" Za maduka na picha tuziache. Hapa tuseme ya moyoni. Naanza mimi.

Mimi Mmoraviani wa kuzaliwa, napiga tarumbeta la besi. Nilipoingizwa kwenye msafara wa kwenda Herrnhut, kule Ujerumani, chimbuko la kanisa letu, nilikuwa sijaomba kwa kumaanisha karibu miaka miwili. Tulikuwa tumezika mtoto. Kanisani nilikuwa naenda kwa sababu besi haikuwa na mpigaji mwingine. Na safari yenyewe, nisiwadanganye, niliikubali ili nipande ndege.

Jina la Herrnhut tunalisikia tangu kipaimara, maana wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka huko. Unategemea kukuta Yerusalemu. Nilikuta kimji unachoweza kukimaliza kwa miguu chai ikiwa bado ya moto, na ukumbi wa kanisa mweupe kila kitu, mabenchi meupe, meza mahali pa madhabahu. Waumini wachache, karibu wote wana mvi. Nikajisemea, kama mama mwenyewe amechoka, mimi mtoto nangoja nini?

Wakatupandisha makaburini, kilima cha Hutberg. Mawe yamelala chini, yanalingana, wanaume upande huu na wanawake upande ule. (Isipokuwa ya ukoo wa Zinzendorf, yule bwana mkubwa aliyewapokea waanzilishi kwenye ardhi yake, pale katikati, yameinuliwa. Hata kwetu mkubwa ni mkubwa.) Mwenyeji akatukumbusha habari ya Agosti 1727: ndugu 24 na akina dada 24 waligawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike, na mnyororo ule ukaendelea zaidi ya miaka mia. Utotoni niliwadhania majitu. Kumbe walikuwa wakimbizi, na miezi michache kabla ya hapo walikuwa hawapatani, wanagombana hadi kanisani. Hilo shule ya Jumapili hawakutuambia.

Jioni tulikaribishwa nyumbani kwa bibi mmoja. Akasoma mstari wa siku kutoka kitabu chao cha kila mwaka, nasi tukaufuata kwenye Biblia zetu. Kisha akaninyoshea kidole mimi: niombe, kwa Kiswahili. Mchungaji wetu alikuwa nyumba nyingine. Sikuwa na maneno, nikakimbilia Baba Yetu.

Sasa sikilizeni. Tangu msiba, kila tukifika "mapenzi yako yatimizwe" mimi nilikuwa nafumba mdomo. Kwenye kundi nani atajua? Pale nilikuwa peke yangu. Nikafika hapo, nikanyamaza. Bibi hajui Kiswahili, ila sala anaijua mwendo wake. Akaipokea palepale nilipoiachia, kwa Kijerumani, akaimaliza.

Usiku sikulala. Nikaomba hadi kunakucha, na hayakuwa maombi mazuri. Yalikuwa malalamiko, mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini nilikuwa nasema Naye.

Dada wa Nakuru
Pole sana mzee wangu.

Mimi nilipelekwa Korea Kusini na kanisa letu, miezi mitatu. Huku nyumbani nilikuwa kiongozi wa maombi. Nikishika maikrofoni watu wanalia. Na ndani nilikuwa mkavu kama mahindi ya ghalani.

Kule wana ibada ya alfajiri, saa kumi na moja, kila siku ya Mungu. Sisi kesha tunalijua, lakini hii ya kila siku ni kitu kingine! Wanaita "Juyeo!" mara tatu, yaani Bwana, halafu kila mtu anaomba kwa sauti yake, wote pamoja, kelele kama mvua kwenye mabati. Mhubiri alitueleza kuwa uamsho wao mkubwa ulikuwa Pyongyang, 1907, mji ambao leo hawawezi hata kuutembelea.

Siku ya nne au ya tano ndiyo niligundua: hakuna anayenisikia. Hakuna wa kuniambia "umeomba vizuri dada." Nikajaribu kuomba, nikakosa la kusema. Nililia wiki nzima.

Mchunguzi
Wakuu, mimi nitaharibu uzi. Nilienda India wiki tatu, nikaomba, nikafunga, nikarudi vilevile. Kanisani nikapewa dakika kumi za ushuhuda, nikatunga. Hadi leo inanisumbua.

Tarumbeta la Rungwe
Hujaharibu, mkuu. Huo ndio ushuhuda, na umeutoa leo.

Mwenyeji Iringa
Mimi sijavuka bahari, wao ndio walikuja kwetu. Wageni wa Kilutheri kutoka Minnesota, walikuja na rangi za kupaka darasa. Ukweli mafundi wetu wangelipaka kwa siku mbili, wao walitumia wiki. Siku ya kuaga, mama mmoja mgeni akasimama kutoa shukrani, akashindwa. Akasema kwao hajawahi kuomba mtu amwombee, anaona haya.

Bibi yangu akamwekea mkono kichwani, akaomba kwa Kihehe, kirefu. Mkalimani akajaribu, akaacha, akasema tu, "Anamweleza Mungu habari zako." Yule mama akauliza, "Amezijuaje?" Hakuna aliyemjibu.

Kijana wa Tukuyu
Shikamoo mzee. Mimi ni mmoja wa wanaochangishwa. Ule mstari wa "mapenzi yako yatimizwe" siku hizi unausema? Na viza mlipataje?

Tarumbeta la Rungwe
Marahaba. Nausema, si kila Jumapili. Viza: barua ya mwaliko itoke kwa kanisa mwenyeji, mkate bima ya safari, miadi ya ubalozini muombe mapema. Na koti liwe zito, msidanganywe na baridi ya Tukuyu.