Mtoto ana kisukari cha aina ya kwanza, bibi yake ana siliaki: nani mwingine apimwe?

Baba Zuhura: Wanajukwaa, naomba ushauri. Tunaishi Sweden. Mama mkwe wangu, ambaye ni Mswidi, ana siliaki, yaani kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba anapokula gluteni ya ngano, shayiri au rai. Sasa mwanangu amegundulika kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, na daktari ameagiza apimwe siliaki pia, ingawa halalamiki tumbo. Mke wangu anataka ngano iondoke nyumbani leo hii. Je, magonjwa haya hurithiwa pamoja? Na Zuhura, ambaye ni mzima, naye apimwe?

Mtu wa Maabara: Pole sana, kaka. Undugu upo: jeni za HLA-DQ2 na HLA-DQ8, zilizo kwenye kromosomu namba 6, huongeza hatari ya magonjwa yote mawili, na ni nadra mno kumkuta mgonjwa wa siliaki asiye na hata mojawapo. Magonjwa ya kinga yanayoshambulia tezi ya shingo nayo huwapata wagonjwa hawa mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Hata hivyo, kinachorithiwa ni uwezekano tu, kwani Ulaya watu takriban 30 hadi 40 kati ya 100 wana jeni hizo, ilhali wenye siliaki ni kama 1 kati ya 100. Kwa maoni yangu, anayesahaulika hapa ni mkeo: yeye ni mtoto wa mgonjwa, na kwa ndugu wa karibu kiasi hicho hatari inaweza kufikia 1 kati ya 10. Apimwe yeye na kijana. Mmoja wao akikutwa nayo, Zuhura afuate.

Mama Twaha: Shemeji, nakusihi msiondoe ngano kabla ya kipimo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na mtu akiacha chapati na mkate kingamwili hizo hupungua, hivyo majibu yanaweza kusema hana wakati anayo. Binti yangu ana yote mawili, na hakuwahi kuumwa tumbo. Tulichoona ni sukari kushuka ghafla baada ya kula, kwa sababu utumbo haukufyonza chakula vizuri huku insulini ikiendelea kufanya kazi. Majibu yakiwa safi, mwulizeni daktari atarudia lini, maana siliaki inaweza kujitokeza miaka kadhaa baada ya kisukari.

Mtu wa Maabara: Naongezea: ombeni wapime pia kiwango cha jumla cha IgA, yaani aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea, kwa kuwa mwenye upungufu wake anaweza kuonekana hana siliaki kumbe anayo.