Likizo ndefu ya kusoma Kiarabu: Cairo, Amman au Oman?

BintiBububu: Assalaam alaykum. Nina wiki nane, Julai na Agosti, na nimedunduliza pesa niende kusoma Kiarabu. Madrasa nimesoma, msahafu nafungua, nahau kidogo naijua, lakini mtu akiniuliza kwa Kiarabu jana nilikula nini, nabaki kukodoa macho. Nataka lugha, na nataka kutembea nione watu wanavyoishi. Mliokwenda, nisaidieni.

MzeeWaKahawa: Cairo, mwanangu, wala usijiulize. Nilipanga Madinat Nasr, kumejaa wanafunzi wa Al-Azhar wa kila taifa. Chakula rahisi: sahani ya koshari, yaani wali, dengu, makaroni na kitunguu cha kukaanga juu, unashiba mpaka jioni. Ila ujue darasani utafundishwa fus-ha, Kiarabu sanifu cha vitabuni, ukitoka mlangoni humkuti anayeisema. Herufi jim wanaitamka "g", qaf wanaimeza. Kahawa kwao ni "ahwa". Wiki mbili za mwanzo nilidhani wananisengenya. Lakini Kimasri ukikishika, Waarabu wengi watakuelewa, maana wamekua na filamu za Misri.

DadaLikoni: Mimi nilikwenda Amman, Jordan. Ghali jamani! Dinari moja inazidi dola moja. Lakini jiji limekaa juu ya vilima, jioni ya Agosti unapata upepo, na matamshi yao sikio langu liliyazoea upesi. Kilichonichekesha ni salamu. Ukiingia dukani unaambiwa "marhaba", na mimi mtoto wa Pwani nahisi naitikiwa shikamoo ambayo sijaitoa. Wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, ndipo tulipokwenda Petra, mji wa kale uliochongwa miambani. Ingia alfajiri, jua likipanda utajuta. Na ukialikwa mansaf, wali na nyama ya kondoo yenye mchuzi wa mtindi, usikatae.

KijanaWaTanga: Mbona Oman mnairuka? Manah, karibu na Nizwa, kuna Chuo cha Sultan Qaboos mahususi cha kufundisha Kiarabu wageni. Ijumaa asubuhi unakwenda mnada wa mbuzi Nizwa: wauzaji wanazungusha mbuzi, wanunuzi wamekaa duara, bei zinapigiwa kelele. Hapo utajifunza hesabu ya Kiarabu kwa lazima.

MzeeWaKahawa: Oman naipenda, tatizo lake ni Kiswahili! Nilikaa siku kumi Muscat kwa jamaa. Kila nyumba bibi amezaliwa Unguja, anataka habari za Malindi na Darajani. Kiarabu nilichotumia ni salamu tu.

KijanaWaTanga: Hilo nakubali, hata Nizwa wapo. Basi waambie mapema umekuja kusoma, wakusemeshe Kiarabu. Joto pia silifichi: Julai linapita nyuzi 40. Ukizidiwa kimbilia Salalah, msimu huo wa khareef kuna manyunyu na milima ni kijani.

BintiBububu: Mama anataka Muscat maana khalati yuko huko. Mzee kanitisha, nitarudi na Kiswahili kilekile nilichoondoka nacho. Cairo kwa msichana peke yake kukoje?

DadaLikoni: Nilipita wiki moja. Maneno ya vijana barabarani yapo, sikudanganyi mdogo wangu. Metro ina mabehewa ya wanawake katikati ya treni, panda hayo. Nyumba tafuta na wasichana wengine, lakini wasiwe Waswahili watupu, la sivyo mtapika pilau na kupiga soga miezi miwili.

MzeeWaKahawa: Mwalimu wangu bora hakuwa wa darasani. Alikuwa mlinzi wa jengo letu, wanamwita "bawwab", bawabu yuleyule wa Kiswahili. Kila jioni ananimiminia chai, ananiuliza nimefanya nini kutwa, nikikosea anacheka na kurekebisha. Pesa aliita "fulus". Utashangaa ni maneno mangapi umetoka nayo nyumbani.

BintiBububu: Basi Cairo. Sasa aliyebaki ni mama.